Liberal: huru dhidi ya nani?

Swali: "Natafsiri habari za kimataifa kwa redio moja ya mkoani. Wiki moja niliandika kwamba waliberali wa Marekani ni watu wa mrengo wa kushoto wanaotaka serikali iwasaidie zaidi wananchi. Baadaye nikakieleza hivyo hivyo chama cha Liberal cha Australia. Msikilizaji akapiga simu: nimepotosha, hicho ni chama cha wahafidhina. Sasa nakuta wachambuzi wa Ulaya wanalitumia neno hilo hilo kwa watu wanaotaka serikali ibane matumizi. Lina maana ngapi, na kwa Kiswahili niliandikeje?"

Ndugu mwulizaji, msikilizaji wako alisema kweli, na ulichoandika kuhusu Marekani nacho kilikuwa sahihi. Tatizo limeanza pale ulipoibeba maana ya Washington ukaenda nayo Canberra. Neno hili lina uhuru ndani yake, na mtu akikuambia yuko huru, jambo la kwanza la kumuuliza ni: huru dhidi ya nani? Kila nchi iliyolipokea neno liberal ilikuwa na mkubwa wake wa kukataa. Wengine walimkataa mfalme, wengine kabaila, wengine umaskini, wengine serikali yenyewe. Mtafute huyo anayekataliwa na maana utaipata, hata kama hujawahi kuisoma siasa ya nchi hiyo.

Nianze na asili, kwa sababu Kiswahili kina neno linalokaribiana nayo kuliko lugha nyingi. Kilatini kina liber, yaani mtu huru, asiye mtumwa. Kutoka hapo kikazaa liberalis, yaani kinachomfaa mtu huru: elimu yake, mwenendo wake, mkono wake usiobana. Ndivyo neno mwungwana lilivyo. Pwani yetu mwungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, kisha neno likahama kutoka hadhi kwenda tabia, hadi leo tukisema "fanya kiungwana" hatufikirii utumwa hata kidogo. (Kiswahili kilichoingia Kongo na misafara ya biashara kiliitwa Kingwana kwa sababu hiyo hiyo.) Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alieleza wazi kwamba masomo fulani yaliitwa ya liberalis kwa kuwa yanamstahili mtu huru. Katika vyuo vya Ulaya ya zama za kati yakahesabiwa saba: sarufi, balagha na mantiki, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Vyuo vya Marekani vinavyojiita vya liberal arts vinarithi jina hilo, hata kama wakuu wake wote ni wahafidhina. Usiandike "vyuo vya kiliberali" kamwe. Andika kwamba ni vyuo vya shahada ya kwanza vinavyofundisha lugha, historia, falsafa, hisabati na sayansi za msingi badala ya kumwandaa mwanafunzi kwa kazi moja.

Maana hiyo ya kale ya mkono mkunjufu bado inaishi katika Kiingereza cha kila siku. Maelezo ya dawa ya ngozi yakisema ipakwe "liberally", maana yake ipake kwa wingi, usibanie. Mwanasheria akisema kifungu kipewe tafsiri ya liberal, anataka isomwe kwa upana ili lengo la sheria litimie. Na kwa wasikilizaji wako wa Bukavu au Bujumbura waliozoea Kifaransa, profession libérale ni kazi ya kitaaluma ya kujitegemea: wakili mwenye ofisi yake, daktari mwenye zahanati yake. Hapo hakuna siasa yoyote, na neno uliberali lisionekane hata mara moja.

Siasa iliingia kwa mlango wa Hispania. Mwaka 1810 majeshi ya Napoleon yalikuwa yameshika sehemu kubwa ya nchi, na wajumbe wa bunge walikimbilia kusini wakaishia Cádiz, mji wa bandari uliozingirwa. Waliotaka katiba wakaitwa liberales. Wapinzani wao, waliotaka mfalme arudi na madaraka yote, wakaitwa serviles, yaani watu wa kitumwa. Ni mwungwana na mtumwa tena, safari hii kama majina ya makundi bungeni. Katiba waliyoipitisha tarehe 19 Machi 1812 iliweka mamlaka ya juu kwa taifa badala ya mfalme. Lakini katiba hiyo hiyo iliifanya dini ya Katoliki kuwa dini ya taifa milele na kukataza ibada ya dini nyingine yoyote. Jambo hili lizingatie. Mliberali wa kwanza katika historia ya neno hili hakuwa mtetezi wa uhuru wa dini. Aliyemkataa alikuwa mfalme asiyebanwa na sheria, na pale alipoishia mfalme, uliberali wake nao uliishia. Ferdinand VII aliporudi mwaka 1814 aliifuta katiba, na neno likasambaa Ulaya pamoja na waliberali waliokimbia.

Uingereza ndipo lilipobadilika tabia mbele ya macho ya watu, na ukielewa hatua zake hapo utaelewa kwa nini leo linavutwa pande mbili. Mwanzoni Watori, yaani wahafidhina wa huko, walilitumia kwa tahajia ya Kihispania kuwakejeli wapinzani wao, kana kwamba wamejaa mawazo ya kigeni. Waliokejeliwa wakalivaa. Tarehe 6 Juni 1859, katika ukumbi wa Willis's Rooms mjini London, makundi matatu ya bungeni yaliungana, na hapo ndipo wengi wanapohesabu kuzaliwa kwa chama cha Liberal. Adui wao tangu kabla ya muungano huo alikuwa nani? Wenye mashamba makubwa, waliokuwa wakilindwa na ushuru wa nafaka uliomfanya mfanyakazi wa Manchester anunue mkate kwa bei ya juu. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1846, baada ya kampeni ndefu ya Richard Cobden na John Bright. Kwa hiyo uhuru wa soko ulianza kama dai la mwenye njaa dhidi ya kabaila. Anayesema soko huria lilikuwa tangu mwanzo dai la matajiri anasahau nani alikuwa tajiri.

Kisha ikaja nusu karne ya viwanda. Ikaonekana kwamba mtu anaweza kuwa hana bwana wala mfalme wa kumwonea na bado asiwe huru, kwa sababu ni mgonjwa, ni mzee, au hana kazi. Wanafikra kama T. H. Green na L. T. Hobhouse wakasema uhuru ni kuweza kufanya jambo, haitoshi kuachwa bila kuzuiwa. Chama cha Liberal kikaitekeleza hoja hiyo kwa fedha taslimu. Sheria ya mwaka 1908 ilimpa mzee aliyefikisha miaka 70, mwenye kipato kisichozidi pauni 21 kwa mwaka, shilingi 5 kila wiki, na malipo ya kwanza yalitolewa tarehe 1 Januari 1909. Hizo shilingi 5 ndizo njia panda yenyewe. Ili zilipwe, waziri wa fedha David Lloyd George alileta bajeti ya kodi mpya kwa matajiri na wenye ardhi. Baraza la Mabwana likaikataa, na mgogoro ukaisha mwaka 1911 kwa mabwana hao kupunguziwa nguvu. Kuanzia hapo kuna waliberali wa aina mbili duniani: wanaoogopa serikali kwa sababu inaweza kumnyima mtu uhuru, na wanaoiita kwa sababu inaweza kumpa. Wote wawili wana haki ya jina. Mimi simkubali mchambuzi anayesema mmoja wao amelighushi.

Marekani ilichukua tawi la pili. Franklin D. Roosevelt aliingia madarakani Machi 1933, wakati takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, akaiita liberal siasa yake ya kuajiri watu kwa fedha za serikali na kulipa pensheni, ambayo sheria yake aliitia saini Agosti 1935. Herbert Hoover, rais aliyemtangulia na kushindwa naye, aliendelea kudai kwamba mliberali wa kweli ni yeye, kwa maana ya zamani ya serikali ndogo. Hoover alishindwa uchaguzi na akashindwa pia kulitetea neno. Ndiyo sababu Mmarekani mwenye mawazo ya Hoover leo hujiita mhafidhina, au mlibertari kama anataka serikali ndogo kupita kiasi. Chama cha kundi hilo la mwisho kilianzishwa mwaka 1971. Baada ya miaka ya 1960 neno likabeba pia haki za weusi, haki za wanawake, kisha utoaji mimba na ndoa za jinsia moja. Kufikia kampeni ya mwaka 1988, George H. W. Bush wa Republican alilitumia kama tuhuma dhidi ya mpinzani wake Michael Dukakis wa Democratic, na wanasiasa wengi wa Democratic wakaanza kujiita wapenda maendeleo badala yake. Kwa hiyo katika habari za Marekani angalia nani anasema. Likitoka kinywani mwa Republican, mara nyingi ni lawama. Likiwa kwenye ripoti ya Mahakama ya Juu, "majaji waliberali" ni namna fulani ya kuisoma katiba, na haimaanishi kwamba wao ni wanachama wa chama cha rais aliyewateua.

Sasa Australia, iliyokuponza. Robert Menzies alianzisha chama cha Liberal mwaka 1944, na mpinzani aliyekuwa mbele yake alikuwa chama cha Labor kilichokuwa madarakani. Mwaka 1947 serikali hiyo ya Labor ilijaribu kutaifisha benki binafsi, na mahakama kuu ikaizuia. Ukiuliza "huru dhidi ya nani?" jibu la Menzies ni: dhidi ya ujamaa. Chama chake kikawakusanya wafanyabiashara, watu wa tabaka la kati na wahafidhina chini ya paa moja. Kipo kipimo cha haraka unachoweza kukitumia kwa chama chochote usichokifahamu: angalia kiko katika umoja gani wa kimataifa. Chama cha Liberal cha Australia hakimo katika Liberal International, umoja ulioundwa Oxford mwaka 1947. Kimo katika umoja wa vyama vya kihafidhina na mrengo wa kati-kulia, ulioanzishwa London mwaka 1983. Chama cha Liberal cha Kanada kimo katika ule wa kwanza.

Bara la Ulaya kwa sehemu kubwa lilibaki na tawi la kwanza, na hapo ndipo wachambuzi wako wanaposimama. Mfaransa akimwita mtu libéral anamaanisha anataka soko lisibanwe. Ujerumani kuna FDP, chama cha rangi ya njano kilichoundwa mwaka 1948, ambacho kilikuwa serikalini na Kansela Olaf Scholz hadi Novemba 2024. Serikali hiyo ilivunjika kwa ugomvi wa bajeti, Christian Lindner wa FDP akikataa serikali ikope zaidi. Mmarekani aliyesoma kwamba "waliberali wamekataa serikali kukopa" angedhani gazeti limekosea. Denmark nayo inafundisha kwa mfano mmoja mzuri. Chama cha kiliberali cha huko kinaitwa Venstre, neno lenye maana ya "kushoto", nacho ni cha mrengo wa kati-kulia. Katika karne ya 19 kilikuwa chama cha wakulima waliokuwa kushoto kwa mabwana wa mashamba. Mabwana wakaondoka kwenye siasa, vyama vya wafanyakazi vikazaliwa kushoto zaidi, na Venstre kikajikuta kulia bila kubadili jina.

Halafu kuna majina yaliyobaki majina tu. Chama cha Liberal Democratic cha Japani kilipatikana mwaka 1955 kwa kuunganisha chama cha Liberal na chama cha Democratic, jina likawa jumla ya majina mawili, na chama chenyewe ni cha kihafidhina. Cha Urusi chenye jina hilo hilo, kilichoongozwa na Vladimir Zhirinovsky hadi alipofariki mwaka 2022, ni cha wazalendo wakali. Kenya nayo ilikuwa na chama cha Liberal Democratic (LDP) mwaka 2002, jukwaa ambalo Raila Odinga na wenzake waliotoka KANU walipanda kabla ya kuingia muungano wa NARC. Kukaa kuchambua falsafa ya uliberali katika jina lile ni kupoteza muda wa msikilizaji.

Uliberali mamboleo ni suala jingine, na hapa naomba uwe mwangalifu hasa. Unahusu kupunguza ushuru, kuuza mashirika ya umma, kuondoa ruzuku, kuacha bei zijipange. Kwa Kiswahili neno mamboleo limeshatiwa sumu na ukoloni mamboleo, kwa hiyo ukilitamka umekwisha kuhukumu. Anayelitumia karibu kila mara ni mkosoaji, na wanaokosolewa hujiita kwa majina mengine. Kama ni maneno ya mtu, mnukuu. Kama ni maelezo yako, taja hatua zenyewe. Tanzania tulikuwa na neno bora zaidi la mtaani. Baada ya mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bidhaa zilipokuwa zikirudi madukani, watu walisema "ruksa", na Rais Ali Hassan Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa. Aliyefanya hivyo ni chama cha ujamaa. Kufungua biashara hakumfanyi mfunguaji kuwa mliberali, kwa hiyo andika "kulegeza masharti ya biashara" na umalizie hapo.

Demokrasia ya kiliberali nayo haina kushoto wala kulia. Ni ile ambayo aliyeshinda uchaguzi bado anabanwa na mahakama, katiba, vyombo vya habari na haki za walioshindwa. Waziri Mkuu Viktor Orbán alipotangaza Julai 2014 kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali Hungaria, vipo vyombo vilivyoweza kumfahamu vibaya kana kwamba anapinga vyama vya mrengo wa kushoto tu. Jambo lilikuwa kubwa kuliko hilo: linahusu mipaka ya mtawala. Ukilitafsiri, ongeza maneno manne au matano ya kueleza mipaka hiyo. Msikilizaji hana njia ya kuyakisia.

Kwenye dini maana yake ni namna ya kuyasoma maandiko. Waanglikana wa Afrika Mashariki walipovutana na Kanisa la Marekani baada ya kuwekwa wakfu mwaka 2003 kwa Askofu Gene Robinson, aliyejitambulisha wazi kuwa shoga, upande wa Marekani uliitwa wa kiliberali. Mwanakanisa aliye hivyo kwenye maandiko anaweza kuwa mhafidhina kabisa kwenye kodi. Usimvushe.

Kuhusu neno la Kiswahili la kutumia, napendelea mliberali, waliberali, uliberali, kwa mawazo ya kisiasa peke yake. Huria naikwepa hapo, ingawa kamusi inairuhusu, kwa sababu ina kazi nyingi mno tayari: soko huria ni lisilobanwa, programu huria ni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni cha milango wazi kwa anayesomea mbali. "Chama cha huria" kinampeleka msikilizaji kote huko kabla ya kumfikisha kwenye siasa. Na kumbuka unaandikia sikio. Gazeti lina herufi kubwa ya kutofautisha jina la chama na imani ya mtu, redio haina. Kwa hiyo jina la chama libaki lilivyo, likitanguliwa na neno "chama cha", na mara ya kwanza tu lifuatwe na maneno machache ya kulieleza. "Waliberali" peke yake liwe la watu wenye mawazo hayo, si wanachama.

Jaribu mbinu hiyo kwa wiki moja ya mwaka 2025, iliyoweza kumchanganya yeyote. Tarehe 28 Aprili kulikuwa na uchaguzi Kanada, na tarehe 3 Mei Australia. Anayeandika "waliberali washinda Kanada" Jumanne na "waliberali washindwa Australia" Jumapili anamfanya msikilizaji aamini kwamba kundi moja limepanda na kushuka ndani ya siku tano. Kilichotokea ni hiki, na kinatamkika kwa pumzi mbili: "Nchini Kanada, chama cha Liberal cha mrengo wa kati-kushoto, kikiongozwa na Mark Carney, kimepata viti vingi zaidi bungeni, na kiongozi wa wahafidhina Pierre Poilievre amepoteza kiti chake." Kisha: "Nchini Australia, chama cha Labor cha Anthony Albanese kimeushinda muungano wa kihafidhina unaoongozwa na chama cha Liberal, na kiongozi wake Peter Dutton amepoteza kiti chake." Zisome kwa sauti kabla ya kwenda hewani. Ukisikia kwamba walioangushwa nchi zote mbili ni wa upande mmoja, umetafsiri sawasawa.